Ua wa milaureli unapodhoofika: kutafuta chanzo kabla ya kutafuta dawa

Katika vitongoji vingi vya Uingereza, Ireland na Ubelgiji, mpaka kati ya nyumba na nyumba hauwekwi kwa matofali wala mabati, bali kwa ua wa mimea yenye majani mapana, mazito na yenye kung'aa, ambayo hubaki ya kijani hata theluji inapoanguka. Mmea huo ni mlaureli, ambao wataalamu huuita Prunus laurocerasus. Jina hilo la laureli linapotosha kidogo, kwa kuwa mmea huu si ndugu wa mlaureli wa jikoni, Laurus nobilis, ule ambao majani yake makavu hutiwa katika supu na pilau. Kwa ukoo, huu ni wa jamii ya mcheri, mpichi na mlozi. Mtunza ua anapaswa kulijua jambo hilo kwa sababu mbili. Kwanza, magonjwa yake ni yale ya micheri, na baadhi yake huingia kupitia majeraha ya mkasi. Pili, majani na mbegu zake hutoa sayanidi yanapopondwa, sumu ileile inayotulazimu kuloweka na kuanika muhogo mchungu kabla ya kuula, kwa hiyo jani lake halifai kabisa kuingia chunguni. Ukilipasua na kulinusa utapata harufu ya lozi chungu, ilhali jani la jikoni hunukia kiungo.

Mwongozo huu ni kwa msomaji ambaye ameukuta ua wa namna hii katika nyumba aliyopanga au kununua, au ambaye ameupanda mwenyewe na sasa anaona mambo hayaendi. Kosa ninaloliona mara nyingi, kwangu mwenyewe na kwa jirani zangu tuliotoka Afrika Mashariki, ni kuusoma ua huu kwa kalenda ya nyumbani. Kwetu mvua ndiyo inayoiamsha mimea: masika yakianza, michongoma inachomekwa ardhini, na baada ya wiki chache imeshika. Huku kaskazini mwa Ulaya, udongo hushiba maji katika miezi ya baridi, wakati mizizi imelala na haiwezi kuyanywa, kisha kiu huja kati ya Aprili na Agosti, wakati majani mapya yanachipua. Mlaureli hulowa usipohitaji maji na hukaukiwa unapoyahitaji. Dalili nyingi zitakazoelezwa hapa zinatokana na mpishano huo, na hakuna dawa ya kupulizia inayoweza kuurekebisha.

Asili ya mmea yenyewe inaeleza mengi. Mlaureli ni mmea wa milima inayoizunguka Bahari Nyeusi, na mwaka 1576 mche wake ulimfikia mtaalamu wa mimea Carolus Clusius mjini Vienna kutoka Constantinople. Katika miji ya Trabzon na Rize, kaskazini-mashariki mwa Uturuki, watu hula matunda yake meusi na kuyaita karayemiş. Rize ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini humo, lakini milaureli humea kwenye miteremko, chini ya miti mirefu, katika udongo uliojaa majani yaliyooza. Maji huja kwa wingi na kwenda zake. Ukilikumbuka hilo, utakuwa umekwisha kuelewa kwa nini mmea uleule unaovumilia kivuli na mvua hufa katika bonde la mfinyanzi nyuma ya nyumba.

Kabla ya kutaja ugonjwa wowote, jibu maswali matatu. Je, yanayoumwa ni majani mapya ya nchani au majani ya zamani ya ndani? Je, tatizo limeenea katika ua mzima, liko upande mmoja, au linafuatana mmea hadi mmea? Na huu ni mwezi gani? Majibu hayo hukata uwezekano mwingi kabla hujainama kuangalia kwa karibu.

Miche mipya inanyauka na kukauka

Miche huuzwa kwa namna tatu: ile ya mizizi mitupu, ambayo huchimbuliwa shambani na kusafirishwa bila udongo kati ya Novemba na Machi, ile yenye bonge la udongo lililofungwa kwa gunia, ambayo hupatikana takriban katika miezi hiyohiyo, na ile iliyokuzwa katika vyungu vya plastiki, ambayo huuzwa mwaka mzima. Kila namna ina njia yake ya kufa. Mche wa mizizi mitupu hufa kwa kuachwa upeponi, kwa maana vinyweleo vya mizizi hukauka upesi sana. Ukiletwa, ufunike kwa gunia bichi au uufukie kwa muda pembeni mpaka shimo liwe tayari. Mche wa chunguni hufa kwa sababu mizizi yake imezoea kuzunguka ukuta wa chungu na haioni sababu ya kutoka, na hiyo inabidi uichambue kwa vidole kabla ya kupanda, hata kama baadhi yake itakatika.

Mche wenye bonge ndio unaowadanganya watu zaidi. Mwaka wa kwanza nilipanda miche 14 ya namna hiyo mwanzoni mwa Aprili, nikawa naimwagia kila jioni kwa mpira wa maji, kila mmoja kwa muda mfupi. Udongo ulionekana mweusi kwa unyevu. Kufikia Juni majani yalikuwa yamejikunja kwa urefu na mche wa tano ulikuwa umekauka kabisa. Nilipouchimbua, nilikuta bonge lake ni gumu na kavu kama tofali la kuchoma, huku udongo uliolizunguka ukiwa umelowa chapachapa. Mabonge hayo mara nyingi ni ya udongo mzito wa shamba ulikokuzwa mche. Ukishakauka husinyaa, maji yakatafuta njia rahisi pembeni, na mizizi, ambayo ilikatwa wakati wa kuchimbuliwa na bado haijatoka nje ya bonge, hubaki na kiu katikati ya tope.

Dawa yake ni kumwagilia polepole na kwa wingi, badala ya mara kwa mara na kidogo. Lita 10 hivi kwa kila mche, mara mbili kwa wiki katika vipindi visivyo na mvua, zikidondoka taratibu kutoka kwenye mpira wenye matundu au kwenye ndoo iliyotobolewa chini, zitafika ndani. Ili kuhakikisha, chomeka kijiti chembamba katika bonge lenyewe, si kando yake, ukitoe na kukigusa. Utaratibu huo uendelee kwa misimu miwili ya kiangazi, kwa kuwa mche uliopandwa mwaka jana bado ni mgeni. Sehemu ya upana wa nusu mita kila upande wa safu iwe haina nyasi, maana mizizi ya nyasi iko juu na hunywa kwanza, kisha itandikwe matandazo ya mboji au magome yaliyosagwa kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina.

Tatizo la pili linafanana na la kwanza kwa mbali, na hapo ndipo watu huangamiza miche kwa huruma: wanauona unanyauka, wanauongezea maji, kumbe unazama. Mche wenye kiu hukunja majani yake, nayo hukauka kuanzia nchani na ukingoni mpaka yakawa makavu ya kuvunjika. Mche unaozama huyaacha majani yake yaning'inie, yapoteze mng'ao, yageuke njano isiyo na mpangilio na kudondoka yakiwa bado laini. Chimbua mzizi mmoja. Mzizi mzima ni mweupe ndani na haupasuki ovyo. Mzizi uliooza ni wa kahawia au mweusi, na ganda lake huchomoka ukilivuta, likabaki uzi wa katikati tu. Hapo huenda tayari ameingia Phytophthora, kimelea cha mizizi anayeogelea katika maji ya udongoni, na hakuna dawa ya kumtibu ambayo mtunza bustani wa kawaida wa Uingereza anaweza kuinunua. Mche huo ung'olewe pamoja na mizizi yake, na usirudishe mwingine mahali hapo kabla ya kurekebisha njia ya maji.

Kipimo cha udongo ni rahisi na kingepaswa kufanywa kabla ya kununua chochote. Chimba shimo la sentimita 40, lijaze maji jioni, uende kulala. Kama asubuhi bado lina maji, usipande hapo kwa kuchimba mashimo, kwa sababu katika mfinyanzi kila shimo ulilolijaza mboji nzuri hugeuka beseni linalokusanya maji ya bustani nzima. Wala kokoto chini ya shimo hazisaidii, kwa kuwa maji hayana pa kwenda. Panda juu ya tuta lenye kimo cha sentimita 20 hadi 30, kama unavyopanda viazi vitamu, na uchanganye mboji katika mstari wote badala ya shimo mojamoja.

Kuhusu nafasi, sentimita 60 kati ya mche na mche zinatosha kwa miche midogo, na zaweza kufikia 90 kwa ile mikubwa. Mlaureli ulioshika vizuri hurefuka hadi sentimita 60 kwa mwaka, hivyo haraka ya kuibananisha miche ni kununua matatizo kwa pesa. Alama ya udongo iliyo kwenye shina iwe sawasawa na uso wa ardhi. Shina lililofukiwa huoza taratibu, na dalili zake huonekana baada ya mwaka au miwili, wakati mtu amekwisha kusahau alivyopanda.

Majani yanageuka njano

Ikiwa ni Mei au Juni, na majani ya njano ni yale ya ndani, ya zamani, huku ncha zikichipua vizuri, funga mkoba wa dawa. Kuitwa mmea wa kijani mwaka mzima hakumaanishi kwamba jani lake haliondoki. Mlaureli hupukutisha majani yaliyozeeka mara yale mapya yanapokomaa, na katika ua mrefu huweza kuwa rundo la kutisha. Kiangazi kikiwa kikavu sana, huyaacha mengi zaidi ili kupunguza mzigo.

Hali ni tofauti majani machanga yanapotoka yakiwa ya njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Hiyo ni njaa ya chuma, na kwa kawaida udongo una chuma cha kutosha, ila chokaa imekifunga. Katika vilima vya chokaa vya kusini mwa Uingereza, kama vile North Downs huko Kent na Surrey au vilima vya Chilterns, udongo wa juu ni mwembamba na chini yake ni chokaa tupu. Chukua kiganja cha udongo mkavu, ukitilie siki ya jikoni. Kikitoa povu, jibu umelipata. Unaweza kumwagilia chuma cha dukani kilichotengenezwa kwa ajili ya udongo wa chokaa na kuona kijani kinarudi, lakini itakubidi kurudia kila mwaka. Kwa maoni yangu, kwenye udongo mwembamba wa chokaa ni heri kuachana na mlaureli huu na kupanda ndugu yake wa Ureno, Prunus lusitanica, wenye majani membamba na vikonyo vyekundu, ambao huvumilia chokaa vizuri zaidi.

Majani ya zamani yakiwa na njano katikati ya mishipa, hasa baada ya mvua nyingi kwenye udongo wa mchanga, huwa ni upungufu wa magnesi, na chumvi ya Epsom iliyoyeyushwa katika maji huurekebisha. Ua mzima ukiwa umefifia na kudumaa bila alama maalumu, una njaa ya kawaida: mbolea yenye virutubisho vyote, mara moja mwanzoni mwa majira ya kuchipua, pamoja na matandazo, inatosha. Usizidishe naitrojeni, kwa sababu itakayoelezwa sasa hivi.

Majani yametoboka kama yamepigwa risasi

Hakuna dalili inayowatia watu hofu kuliko hii, na hakuna inayotibiwa vibaya kuliko hii. Mtu huona matundu ya duara, anatafuta viwavi, asiwaone, ananunua dawa ya wadudu, anapulizia, na matundu yanaongezeka. Wadudu hawahusiki. Mimea ya ukoo wa Prunus ina desturi ya kuikata sehemu ya jani iliyoambukizwa: doa hutokea, tishu yake inakufa na kuwa ya kahawia, mmea unajenga ukuta kulizunguka, kisha kipande kinadondoka na kuacha tundu. Yaani tundu ni ushahidi wa mmea kujitetea.

Wanaoanzisha madoa hayo ni watatu. Bakteria aitwaye Pseudomonas syringae na kuvu waletao madoa, akiwemo Stigmina carpophila, huenea kwa matone ya mvua, na madoa yao huwa madogo, ya duara, mara nyingine yenye mzingo wa njano. Wa tatu ni ubwiri unga, ambaye kwenye mlaureli hatambuliki kwa urahisi. Katika mimea mingine huonekana kama unga mweupe uliomwagwa juu ya jani. Hapa unga huwa hafifu, tena upande wa chini wa majani machanga, na kinachoonekana ni jani lililokunjamana, lenye mabaka ya kahawia kwa chini, ambalo linapoendelea kukua huchanika kwa sababu sehemu iliyoumwa haitanuki pamoja na nyingine. Kingo zake huonekana zimetafunwa. Kwa hiyo matundu ya duara katika majani yaliyokomaa yanaelekeza kwa bakteria na madoa ya kuvu, na majani machanga yaliyopinda na kuchanika yanaelekeza kwa ubwiri. Mara nyingi wote wapo pamoja, na haidhuru, maana hatua za kuchukua ni zilezile.

Ubwiri hupenda chipukizi laini. Kila unapoukata ua, unaamuru chipukizi laini zitoke. Kila unapotia naitrojeni nyingi, unazifanya ziwe laini zaidi. Ua unaokatwa mara tatu nne kwa mwaka ili uonekane kama ukuta ndio mara nyingi unaotoboka kuliko yote mtaani, na mwenyewe huongeza mbolea ili kuusaidia. Punguza ukataji uwe mara moja, au mbili ukizidi. Usikate siku ya mvua, kwa kuwa mashine hubeba maji yenye vimelea kutoka kidonda hadi kidonda. Mwagilia ardhini, si juu ya majani. Fagia majani yaliyoanguka chini ya ua wakati wa majira ya baridi, na ukikuta katikati kumejaa matawi makavu, yaondoe ili upepo upite. Ua ulioshika vizuri hautauawa na matundu haya. Jani lililokwisha kutoboka halitazibika, kwa hiyo usipime mafanikio kwa majani ya mwaka jana. Angalia yale yatakayotoka mwakani.

Kingo zilizoliwa na vidoa viwili chini ya jani

Jani likiwa na mapengo kama ya meno, yaliyokatwa ukingoni tu bila kuingia katikati, hapo sasa ni mdudu: fukusi mweusi aitwaye Otiorhynchus sulcatus, ambaye haruki na hufanya kazi usiku. Toka na tochi baada ya giza kuingia, kati ya Mei na Septemba, utamkuta juu ya majani. Kwa ua uliopandwa ardhini, ni uharibifu wa sura tu. Ukiwa na milaureli katika vyungu, hata hivyo, wasiwasi ni halali, kwa sababu viluwiluwi vyake vyeupe hula mizizi kuanzia vuli hadi majira ya kuchipua, na mmea huanguka ghafla ukiwa hauna mzizi. Minyoo wadogo wasioonekana kwa macho, wanaouzwa wakiwa hai kwa kuchanganywa katika maji, wamwagwe chunguni mwezi Agosti au Septemba, wakati udongo bado una joto.

Vidoa viwili au vinne vya mviringo upande wa chini wa jani, karibu na kikonyo, ubavuni mwa mshipa mkuu, si ugonjwa. Ni tezi za mmea wenyewe zinazotoa maji matamu, na ndiyo sababu utawaona sisimizi na nyigu wakizunguka ua hata usipokuwa na maua. Zikizeeka huwa za kahawia. Nimewahi kumzuia mtu asiupulizie ua wake mzima kwa sababu ya vidoa hivyo.

Ncha zimekuwa za kahawia

Kwa hili swali la mwezi hujibu karibu kila kitu. Chipukizi zikigeuka nyeusi au kahawia ndani ya usiku mmoja mwezi Aprili au Mei, ni jalidi. Kingo za majani yaliyokomaa zikikauka Februari au Machi, upande unaopigwa na upepo, ni kwa sababu ardhi iliganda na mizizi ikashindwa kunywa huku upepo ukiendelea kuyanyonya majani. Usikate mara moja. Subiri mpaka mwisho wa Mei, ukwaruze gome la tawi kwa kucha: kukiwa na kijani chini yake, tawi lina uhai na litachipua. Wanaoishi mahali penye baridi kali watanufaika na aina ya 'Herbergii', yenye majani membamba, kuliko 'Rotundifolia' inayouzwa kila mahali.

Ncha zikiwa za kahawia wiki moja baada ya kukata, chanzo ni mashine. Jani la mlaureli ni pana mno kwa meno ya mashine. Huliacha limekatwa nusu, na ukingo uliokatwa hukauka. Kwa ua mfupi tumia mkasi wa kupogolea, ukikata kikonyo au tawi badala ya jani. Kwa ua wa mita 20 najua ushauri huo ni mgumu kutekelezeka, basi noa meno ya mashine na uvumilie kahawia mpaka majani mapya yaifunike.

Tawi moja linakufa, au mmea baada ya mmea

Tawi ambalo majani yake yamepata rangi ya fedha, huku mengine yakibaki ya kijani kibichi, likatwe na ulitazame mahali ulipokata. Ukiona doa la kahawia katikati ya mti, ni kuvu wa Chondrostereum purpureum, ambaye mbegu zake huingia kupitia vidonda vibichi, hasa vuli na majira ya baridi. Endelea kukata mpaka sentimita 15 hivi kupita mahali doa linapoishia. Ikiwa mmea wote una rangi ya fedha lakini mti ndani ni mweupe, hiyo ni taabu ya kiu au njaa tu, na maji yatautibu. Gome lililobonyea na kutoa gundi ya rangi ya asali ni donda la bakteria. Nalo hukatwa hadi penye mti safi, siku kavu ya kiangazi. Kwa sababu ya magonjwa haya mawili, ukataji wa kawaida wa mlaureli ni kazi ya kiangazi, si ya Novemba.

Kinachotisha zaidi ni kifo kinachotembea: mmea mmoja unakufa mwaka huu, jirani yake mwaka ujao. Chonga gome la shina lililokufa, pale linapoingia ardhini. Utando mweupe unaonukia uyoga kati ya gome na mti ni alama ya Armillaria, kuvu ambaye husafiri udongoni kwa nyuzi nyeusi zinazofanana na kamba za viatu, na vuli anaweza kuchipuza uyoga wa rangi ya asali. Dawa hana. Ng'oa mimea iliyokufa pamoja na kisiki na mizizi yote unayoweza kuifikia, kisha uzike wima plastiki nzito kwa kina cha sentimita 45, ikichungulia sentimita 2 au 3 juu ya ardhi, kati ya eneo lenye ugonjwa na mimea iliyo mizima.

Ua umekuwa mtupu chini

Majani hukaa mahali penye mwanga, na ua uliokatwa ukawa mpana juu kuliko chini hujitia kivuli wenyewe. Kata kwa mshazari, chini pawe papana kuliko juu. Kama utupu umekwisha kutokea, mlaureli una bahati ya kuchipua hata kutoka kwenye shina nene la zamani, na waweza kukatwa kwa ukali ambao ungeua misonobari. Kata upande mmoja karibu na shina mwaka huu, na upande wa pili mwaka unaofuata, ili mmea usibaki bila majani.

Wakati wake una mvutano. Machi mwishoni na Aprili ndipo chipukizi hutoka kwa nguvu, lakini ndipo pia ndege wanapoanza kutaga, na nchini Uingereza sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kiota kinachotumika. Kagua ndani ya ua kwanza. Ukikuta kiota, kazi hiyo inasubiri mpaka makinda yaondoke, na mwisho wa Agosti bado si kuchelewa kwa ukataji wa kawaida. Wakati unakata, fikiria kimo pia: England na Wales, ua wa kijani mwaka mzima unaozidi mita 2 na kumzibia jirani mwanga unaweza kulalamikiwa kwa halmashauri chini ya sheria ya mwaka 2003.

Matawi uliyoyakata usiyasage katika banda lililofungwa, na usiyajaze ndani ya gari ukafunga madirisha kuelekea jalalani, kwa kuwa sayanidi inayotoka kwenye majani yaliyochubuliwa inaweza kukuletea kizunguzungu na maumivu ya kichwa. Yasiachwe pia mahali ambapo mbuzi, kondoo au farasi wa jirani wanaweza kuyafikia. Mashina yaliyobaki yataonekana kama vijiti vilivyokufa kwa wiki kadhaa. Yape mbolea, matandazo na maji, na kufikia Juni utaona vichwa vidogo vya kijani vikitoboa gome la zamani. Tawi ambalo halijaonyesha kitu mpaka Agosti ndilo la kukata.